Nani atalipia mafunzo ya kutunza maji huku Chalbi?

Mwalimu wa Chalbi:
Hamjambo wakuu. Nafundisha shule ya msingi karibu na Maikona, Marsabit, tena ni katibu wa kamati ya maji. Kisima kirefu tunacho. Mfadhili alituchimbia, akatuwekea tangi na kibao chenye jina lake, akaenda zake. Sasa bomba la kioski limevuja wiki tatu kwa sababu ya kipira cha ndani cha shilingi hamsini, na ngamia wananyweshwa pale pale akina mama wanapojaza mitungi. Tunatafuta Sh180,000: mikutano kwa Kiborana, fundi wa kufunza vijana, na klabu ya wanafunzi. Nimeandikia mashirika matatu. Moja tu limenijibu, eti wao hufadhili "miundombinu". Kumbe semina haina ukuta wa kubandika kibao! Nigonge mlango gani?

Isiolo Damu:
Mwalimu, usiombe pesa za mafunzo peke yake, utazungushwa hadi ustaafu. Omba ukarabati wa kisima, mafunzo yawe ndani ya bajeti hiyo hiyo. Pitia kamati ya tabianchi ya wadi yenu, ile ya FLLoCA, mpango wa serikali wa kufadhili miradi ya tabianchi mashinani. Pia mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Ukija kupiga kelele Juni, wenzako walishagawana.

Binti wa Konfi:
Shikamoo mwalimu. Kabla ya semina, kuna mzee yeyote huko aliyewahi kuwa aba herega? Kwenye tula, visima virefu vya jadi vya Waborana, yeye ndiye hupanga zamu, nani anywesheje na siku gani, na hakuna anayempita. Marehemu babu alinifundisha maji kuliko kitabu chochote. Mpe mzee sukari na majani ya chai, atafunza bure.

Fundi Pampu:
Heshima kwa wazee, lakini aba herega hatengenezi pampu. Mtungi wa lita 20 mnauza pesa ngapi? Kama ni shilingi tano, tengeni moja. Mitungi 200 kwa siku ni Sh6,000 kwa mwezi. Hiyo haihitaji barua kwa mtu.

Mwalimu wa Chalbi:
Marahaba binti. Fundi, tunauza tano kweli, ila ile moja mweka hazina atasema ni ya dizeli, na hapo tutagombana. Nitaipeleka hoja hiyo kwa kamati Jumamosi hata hivyo. Klabu nayo nimeianza bila senti: tulipima paa la darasa la nne, mita 10 kwa 8. Mvua ya milimita 10 ni karibu lita 800, mitungi 40, na yote huishia mchangani. Watoto walinyamaza kimya, halafu mmoja akauliza mfereji wa bati ni pesa ngapi. Huo nitauweka kwenye ombi la wadi. Binti, sukari kilo ngapi?