Mgonjwa hajitambui, ndugu hawapo: mtafiti aruhusiwe kuanza bila ridhaa?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mwangaluka wakuu. Naleta jambo ambalo sisi wa mapokezi ya dharura tunalisema kwa kunong'ona.

Kijana wa bodaboda kaletwa saa nane usiku kutoka barabara ya Musoma, upande wa Igoma, hapa Mwanza. Kichwa kimepasuka, hajitambui, simu yake imefungwa kwa namba ya siri. Aliyemleta ni msamaria tu, hajui hata jina lake. Tuseme hospitali ina utafiti unaolinganisha tiba mbili za majeraha ya kichwa, na tiba lazima ianze sasa hivi. Nani atamkubalia? Msamaria? Trafiki? Au aachwe nje ya utafiti?

Msimamo wangu: utafiti uruhusiwe kuanza bila saini, kwa masharti. Nasema hivi kwa sababu ya yale yaliyojulikana mwaka 2004. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka 30, madaktari wengi duniani waliwapa walioumia kichwa dawa za steroidi wakiamini zinapunguza uvimbe wa ubongo. Walifanya kwa nia njema kabisa. Ukaja utafiti ulioitwa CRASH, wagonjwa 10,008, baadhi wakapewa dawa na wengine maji yasiyo na dawa. Ndani ya wiki mbili waliopewa dawa walifariki asilimia 21.1, wasiopewa asilimia 17.9. Tiba iliyoaminika kwa miongo mitatu ilikuwa inaua. Wengi wa wagonjwa wale hawakuwa katika hali ya kusoma karatasi, na kama kila mmoja angengojewa ndugu, huenda mpaka leo tungekuwa tunawachoma sindano zile zile. Waliochambua takwimu hizo baadaye wakaona pia kwamba hospitali zilizolazimika kupata ridhaa ya ndugu kwanza zilichelewa kuanza tiba kwa zaidi ya saa moja. Ubongo unaovimba haukusubiri saa moja.

Masharti yapo. Azimio la Helsinki la 1964, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, ambalo marekebisho yake ya karibuni ni ya 2024, linaruhusu pale ambapo hali inayomzuia mgonjwa kukubali ni sehemu ya ugonjwa unaochunguzwa, kamati ya maadili imepitisha utaratibu huo mapema, na ridhaa inatafutwa mara tu mgonjwa akizinduka au ndugu wakifika. Kwetu kibali hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na dawa ikihusika TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wanaingia.

Karibuni. Nataka hasa kumsikia anayekataa.

Ng'wana Igoma

Nakataa. Kanuni za Nuremberg za 1947 zinaanza na jambo hilo hilo: ridhaa ya hiari ya mtu ni ya lazima kabisa. Hazikuandikwa na watu waliokosa kazi. Ziliandikwa ndani ya hukumu ya madaktari wa Kinazi kwa waliyowafanyia wafungwa wasioweza kusema hapana, na asiyejitambua naye hawezi kusema hapana.

Halafu dada, wewe unajua yanayotokea getini. Mtu huyo huyo aliyepasuka kichwa, ndugu zake wamewahi kurudishwa kituoni kufuata fomu ya polisi, PF3, kabla hajaguswa. Yalimkuta binamu yangu, sitaitaja hospitali. Saini ya polisi ilikuwa ya lazima damu ikimwagika. Leo inakuwaje saini ya mgonjwa mwenyewe ndiyo iwe ya kuruka?

Mtu wa Nansio

Mimi sipingi wala siungi mkono. Naomba kwanza tuulize utafiti unamfaa nani.

Kuna dawa inaitwa asidi ya traneksamiki, inasaidia damu isiendelee kumwagika. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Dawa iliokoa watu, tena si ya bei ya kutisha. Lakini walipochambua zaidi wakakuta inasaidia ikitolewa ndani ya muda wa saa tatu tangu kuumia. Ukichelewa zaidi ya hapo inaweza hata kuongeza vifo vya kutokwa damu.

Sasa njoo kisiwani kwetu Ukerewe. Meli ya Nansio kwenda Mwanza mjini peke yake inakula kama saa tatu. Hujahesabu kumtoa mtu Ukara au Irugwa kwa mtumbwi, wala kuisubiri hiyo meli. Kwetu swali ni je, mganga wa zahanati anaweza kuchoma sindano ile kabla mgonjwa hajapanda chombo, na yanakuwaje akifanya hivyo? Mtafiti akija na swali hilo, nitatembea naye mwalo kwa mwalo kuwaeleza wavuvi. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara tulipoteza watu zaidi ya 220. Dharura yetu ni maji na umbali, lakini mimi sijawahi kumwona mtafiti akikaa mwaloni kutuuliza tungependa kujua nini.

Mama Kulwa

Nimesoma yote. Mimi yamenikuta.

Mwanangu alikuwa na homa na degedege, amelegea, mikono ya baridi. Kwenye korido daktari kijana akaniambia maneno kama mawili: kuna utafiti, tunaomba tumwingize mtoto, tutakueleza vizuri baadaye. Nikatikisa kichwa. Angeniambia wanamchukua wakamtupe ziwani ningetikisa vile vile, sikuwa nasikia kitu. Kesho yake mtoto amefumbua macho, wakaniletea karatasi za Kiswahili, kurasa nyingi, wakanisomea taratibu, nikaweka saini. Sikulazimishwa. Walikuwa na heshima.

Kwa hiyo mniambie, nilikubali lini? Ile siku ya korido au siku ya karatasi?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mama Kulwa, pole sana, na asante. Kwa maoni yangu ulikubali siku ya karatasi. Siku ya korido ulipewa tu nafasi ya kukataa.

Utaratibu huo ulitumika kwenye utafiti wa FEAST uliofanyika Uganda, Kenya na kwetu Muheza, ukasimamishwa Januari 2011 kabla ya muda wake. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Mzazi akiwa hayuko katika hali ya kusikiliza, aliulizwa kwa mdomo kwa kifupi, maelezo kamili na saini vikaja baadaye. Waliokuwa wakilinganisha ni kumimina maji ya dripu kwa kasi na kutomimina. Miongozo ya kimataifa ilisema mimina. Ndani ya saa 48, waliomiminiwa walifariki asilimia 10.6 kwa aina moja ya maji na 10.5 kwa nyingine. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Bila watoto wale tungeendelea kufuata kitabu kilichoandikiwa hospitali zenye mashine za kupumulia.

Ng'wana Igoma

Malizia basi. Hospitali nyingi za kwetu wakati ule hazikuwa na kawaida ya kuwamiminia watoto maji kwa kasi hivyo. Maana yake baadhi ya waliokufa walikufa kwa kitu ambacho wasingepewa kama wangelazwa siku ya kawaida. Nao mama zao walitikisa kichwa koridoni.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Kaka, hapo umenibana, na sitakujibu kwa haraka. Ni kweli. Ninachoweza kusema ni kwamba miongozo ile ilikuwa njiani kutufikia, na ingetufikia bila mtu kuhesabu vifo. Lakini kwa mama aliyezika, hesabu hiyo haimfuti machozi, na sitamwambia mtu kwamba inamfuta.

Kijiwe Buzuruga

Wanaozungumzwa hapa ni sisi, kwa hiyo naomba niingie. Nina miaka tisa kwenye boda, nimebeba wenzangu watatu kuwapeleka hospitali.

Nimeambiwa Marekani sheria yao ya 1996 inaruhusu utafiti wa dharura bila ridhaa, ila mtafiti lazima kwanza ashauriane na jamii ya pale na autangaze hadharani. Kwenye tafiti nyingine kule asiyetaka huvaa bangili, wahudumu wakiiona wanamwacha nje ya utafiti, tiba ya kawaida anapata. Mimi hilo nalielewa kuliko kurasa kumi. Sisi tuna viakisi mwanga vyenye namba, tuna viongozi na daftari. Njooni kijiweni kabla hatujaanguka. Mtuambie mnataka kujaribu nini, kwa nini hamjui jibu, na nani anatulipia kikituharibikia. Asiyetaka aweke alama kwenye kiakisi chake. Mimi binafsi ningekubali, lakini nikubali nikiwa nimekaa kwenye pikipiki yangu, na akili zangu.

Ng'wana Igoma

Hilo la bima ya madhara liandikwe kwanza. Na aliyetoka Magu jana, hana kijiwe, hajasikia tangazo? Mwaloni Kirumba kila siku kuna sura mpya. Kwa huyo bado jibu langu ni hapana.

Mtu wa Nansio

Kwa huyo, kaka, hata mimi sina jibu.

Mama Kulwa

Mimi sijagombana na korido, wala na karatasi. Mwanangu yupo, mwakani anaanza darasa la kwanza. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyerudi. Sijui alipewa tiba ipi. Sijui waligundua nini. Nilitoa ridhaa baadaye, basi na jibu lije baadaye, lakini lije.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mama Kulwa, kwenye nakala uliyobaki nayo pameandikwa kamati iliyotoa kibali na namba ya simu. Una haki ya kuuliza, hata baada ya miaka. Bado unayo?

Mama Kulwa

Ninayo. Iko kwenye begi moja na kadi yake ya kliniki. Jumatatu naipeleka.