Picha za nyumba za kuunga mkono maelezo ya shahidi: za zamani, za sasa, au mahakama ifike yenyewe?

Msaidizi wa Kisheria

Salamu kwenu wanajukwaa. Shahidi wetu anaeleza kwamba miaka minane iliyopita alifanya kazi katika nyumba fulani, na kwamba tukio analolilalamikia lilitokea katika chumba cha ghorofani. Upande wa pili unasema hakuwahi kuvuka sebule. Hakuna mtu mwingine aliyeona tukio lenyewe, hivyo tunatafuta namna ya kuonyesha kwamba anaifahamu nyumba ile kwa ndani. Tunaweza kutumia picha za familia za wakati ule, ambazo ndugu wa mwenye nyumba yuko tayari kuzitoa. Tunaweza kuomba kibali cha mahakama tupige picha mpya. Au tuiombe mahakama iende kuiona nyumba kwa macho yake. Mngetanguliza njia ipi, na kwa nini?

Wakili Mkongwe

Ndugu Msaidizi, tenganisha kwanza mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Picha ya chumba haithibitishi kilichotendeka ndani yake. Inathibitisha kwamba chumba kipo na kimekaa kama shahidi alivyosema, na kutokana na hilo mahakama inaweza kuamini kwamba aliingia. Kama mshtakiwa angekuwa amekubali kwamba shahidi alikuwa akipanda ghorofani kila siku, picha hizo zisingeongeza kitu. Kwa kuwa ubishi wenu uko hapo hapo, zina uzito mkubwa.

Mimi ningetanguliza picha za zamani. Picha ya sherehe ya familia ilipigwa wakati hakuna aliyekuwa akiwaza kesi, kwa hiyo ni vigumu kudai kwamba chumba kilipangwa ili kumsaidia mtu. Kwenda kuiona nyumba leo kuna hatari yake. Tarehe 12 Februari 1995 jopo la raia waliokuwa wakiamua kesi ya mauaji ya O.J. Simpson, nyota wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, lilipelekwa nyumbani kwake Los Angeles, na kabla hawajafika, upande wa utetezi ulikuwa umebadilisha picha zilizotundikwa ukutani. Mmoja wa mawakili wake alikuja kulisema jambo hilo hadharani miaka mingi baadaye. Ikiwa nyumba iliyokuwa ikiangaliwa na dunia nzima iliweza kupangwa upya, msitegemee kwamba hiyo yenu imebaki kama ilivyokuwa miaka minane iliyopita.

Mpiga Picha wa Vielelezo

Kwa heshima zote, Wakili, sikubali kwamba picha za familia zinatosha. Watu wakipiga picha nyumbani hulenga nyuso, na nyumba huonekana kwa bahati tu: kipande cha pazia, nusu ya mlango. Mambo ambayo mgeni wa sebuleni asingeyajua, kama vile ngazi inavyopinda au mlango unafunguka kuelekea wapi, ni nadra kuonekana humo. Hayo hayabadiliki kwa kupaka rangi wala kuhamisha samani, na picha mpya itayaonyesha vizuri hata baada ya miaka minane.

Sharti ni kwamba zipigwe kwa utaratibu. Anzeni nje, pigeni kila mlango kabla ya kuuvuka, kisha kila chumba kutoka pembe zake zote, ili mtazamaji aweze kufuata njia bila kuruka hatua. Lenzi pana hufanya ushoroba uonekane mrefu kuliko ulivyo, kwa hiyo mahali ambapo umbali unabishaniwa wekeni futi ya kupimia ndani ya picha. Kamera iwe kwenye kimo cha macho ya shahidi. Hifadhini faili asili bila kuligusa na mfanye kazi na nakala, wala msilitume kwa programu za ujumbe, kwa sababu nyingi huipunguza picha na kufuta taarifa za tarehe na kifaa.

Karani wa Zamani

Niongeze jambo dogo. Katika mahakama nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, si lazima aliyepiga picha ndiye aitwe kuitoa. Anatosha mtu anayeifahamu nyumba na awezaye kusema kwa kiapo kwamba picha inaionyesha kama ilivyokuwa wakati unaohusika. Kwa picha za kidijitali huenda kukahitajika pia hati ya kuthibitisha uhalisi wake, kwa hiyo someni sheria ya ushahidi ya mahali mlipo kabla ya siku ya kusikilizwa.

Mwanafunzi wa Sheria

Naona kesi ya Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini aliyeshtakiwa kwa kumpiga risasi na kumuua mpenzi wake nyumbani, iliyosikilizwa Pretoria mwaka 2014, inatufundisha pande zote mbili. Mwendesha mashtaka Gerrie Nel alitumia picha za chumba cha kulala zilizopigwa na polisi, zikionyesha mahali zilipokuwa feni, shuka nzito na mapazia, akidai kwamba simulizi ya mshtakiwa haiwezi kulingana nazo. Mshtakiwa akajibu kwamba polisi walivisogeza vitu hivyo, na utetezi ulikuwa umekwisha kumbana mpiga picha wa polisi kwa kulinganisha picha ambazo kitu kile kile kilionekana katika mikao tofauti. Mwishoni Jaji Thokozile Masipa aliona kwamba suala la vitu hivyo lilikuwa dogo likilinganishwa na ushahidi mwingine wote. Mambo yanayoweza kusogezwa kwa mkono yalikula siku nyingi za kesi na hayakuamua lolote, ndiyo maana namuunga mkono Mpiga Picha.

Wakili Mkongwe

Hoja ya vitu visivyosogezeka naikubali. Lakini kuna jambo ambalo ni zito kuliko uchaguzi wa picha, nalo ni mpangilio. Shahidi aeleze nyumba kwa maandishi, achore na ramani kwa mkono wake, maelezo yatiwe saini na tarehe, na hapo ndipo picha yoyote ifunguliwe mbele yake. Mkianza kwa kumwonyesha picha, swali la kwanza la utetezi litakuwa, "Haya unayoyasema umeyakumbuka au umeyaona pichani?", na hata shahidi mkweli hatakuwa na jibu la kumridhisha hakimu.

Msaidizi wa Kisheria

Nashukuru sana. Maelezo yake yalichukuliwa kabla hatujapata picha yoyote, na ramani ipo. Ameandika kwamba swichi ya taa ya bafu la ghorofani iko nje, upande wa kushoto wa mlango, na kwamba mlango huo unafunguka kuelekea ushorobani. Ila ameandika pia kwamba kuta za chumba zilikuwa nyeupe, na katika picha pekee ya familia inayoonyesha chumba hicho zinaonekana za manjano. Baadhi ya wenzangu wanataka picha hiyo iachwe.

Mpiga Picha wa Vielelezo

Msiiache kabla ya kuichunguza. Balbu za zamani hutoa mwanga wa manjano, na picha iliyochapishwa hubadilika rangi kadiri inavyozeeka. Tafuteni ndani ya picha hiyo hiyo kitu kinachojulikana kuwa cheupe, kama karatasi au kola ya shati. Kikiwa nacho kimegeuka manjano, mtakuwa mmepata maelezo.

Wakili Mkongwe

Na hata kisipogeuka, itoeni. Mahali pengi mtalazimika kuikabidhi kwa upande wa pili, na ikitolewa na wao itaonekana mliificha. Mwulizeni shahidi kuhusu rangi kwa swali la wazi, lisilo elekezi, naye ajibu anavyokumbuka. Kisha ombeni kibali cha picha mpya za bafu na ushoroba, mtaje swichi na mlango katika ombi lenyewe, na muambatishe ramani yake yenye tarehe, ili mahakama ione kwamba alivitaja kabla kamera haijaingia.