Tupeane uzoefu: Kichanga mwenye chango, magharibi ikifika ni kilio. Mnamtulizaje?

MamaSabra
Wanajamvi, za "pole, yatapita" tumezisikia za kutosha. Hapa leteni hatua: mnamshikaje, dakika ngapi, na kipi huharibu kazi.

Naanza na dalili. Mtoto ni mzima, ananyonya, kilo zinapanda, ila jua likizama anakunja ngumi, anavuta magoti, tumbo linakuwa gumu kama ngoma. Huanza wiki ya 2 au ya 3, hukolea kwenye wiki ya 6, na wengi huacha kati ya miezi 3 na 4. Njiti mhesabie kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, siyo aliyozaliwa. Kipimo cha daktari Morris Wessel wa Marekani, tangu 1954, ni kilio cha zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3. Bila shaka hakuna atakayekaa na saa mkononi wiki 3 ndipo aanze kubembeleza.

Nesi wa Kliniki
Kabla hujasema chango, mvue nguo zote, soksi pia. Kagua kidole kimoja kimoja cha mkono na cha mguu, na uume kwa wa kiume. Unywele wa mama au uzi wa soksi hujizungusha pale ukakaza mpaka nyama inavimba, na usipotenganisha vidole huuoni. Kisha gusa kinena: uvimbe mgumu unaomuuma huenda ni ngiri iliyonasa.

Pima joto kwapani. Chini ya miezi 2, nyuzi 37.5 au zaidi ni kwenda kituoni. Hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. 60 na kuendelea ni hatari. Matapishi ya kijani, damu kwenye choo, utosi kuvimba, kukataa ziwa au mwili kulegea, usisubiri kukuche.

Baba Kulwa
Mkao ninaoutetea: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, shavu karibu na kiwiko, uso umeelekea nje, miguu ikining'inia huku na huku, na kiganja chako kikamate paja. Mkono wa pili uwe mgongoni. Uzito wake wenyewe ndio unaokanda tumbo. Ni mkao wa kubeba tu. Kulala ni chali.

Halafu tembea. Watafiti wa Japani walichapisha hili 2022: tembea naye dakika 5 bila kusimamasimama, akisinzia keti naye kifuani dakika 5 hadi 8, ndipo umlaze. Wengi tunaharibu hapo katikati. Macho yakifumba tu tunakimbilia kitandani, na mtoto hushtuka pale kifua chake kinapobanduka kwako, hata kabla mgongo haujagusa godoro.

Bi Mkubwa wa Tanga
Wanangu, kumcheulisha si kumpigapiga mgongo kama anayekung'uta mkeka. Mwegemeze begani, tumbo lake likandamizwe na bega lako, kisha sugua kwenda juu taratibu. Dakika 5 zikipita kimya, mwache, si lazima kila mara.

Kukanda: mafuta ya nazi matone machache, viganja vipate joto kwanza. Zungusha kufuata mshale wa saa kuzunguka kitovu, maana ndivyo utumbo mpana unavyoelekea. Kisha sukuma magoti yote mawili tumboni, hesabu hadi 5, achia. Rudia mara 5 au 6. Usifanye hivyo akitoka kunyonya, maziwa yote yatarudi. Ngoja nusu saa. Na kama ameshapandisha kilio, kukanda kunamzidishia; fanya saa 10 au 11 jioni, kabla hajaanza.

Tunu_K
Na gripe water je? Na mvuje? Huku kwetu mtoto hakosi.

Nesi wa Kliniki
Dada Tunu, gripe water ni dawa ya Uingereza ya tangu 1851, na enzi hizo ilikuwa na pombe na sukari, ndiyo maana watoto walilala! Za leo nyingi hazina pombe, lakini hakuna ushahidi mzuri kwamba zinaondoa chango. Matone ya simethikoni, ile dawa ya kuvunja gesi tumboni, hayajaonyesha kushinda maji matupu. Bakteria rafiki wa tumbo waitwao Lactobacillus reuteri ndio wenye matokeo kidogo, na ni kwa wanaonyonya ziwa. Muulize daktari kwanza. Mvuje usimnyweshe kabisa, unaweza kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni kwa mtoto wa umri huo. Chini ya miezi 6 ni ziwa tu, hata maji hapana.

Anayekwambia ukamkate kimeo au umng'oe "meno ya plastiki", mkimbie. Hayo ni meno yake ya kawaida yaliyo bado ndani ya fizi, na wembe huo unaua.

Wa Chupa
Wanaotumia maziwa ya kopo: pima maji kwanza ndipo utie unga, vijiko kama kopo linavyosema, vya kusawazishwa siyo vya kilima. Zungusha chupa badala ya kuitikisa, povu lote hilo ni hewa. Ukiipindua, maziwa yadondoke tone kwa tone. Yakichuruzika, tundu ni kubwa, anagugumia. Yakigoma, anavuta hewa pembeni. Chuchu ijae maziwa muda wote.

Tunu_K
Na ikifika saa 5 usiku mikono inatetemeka, hasira zimepanda?

Baba Kulwa
Mlaze chali kitandani kwake, bila mto wala blanketi zito, funga mlango, toka nje dakika 10. Kilio hicho hakimdhuru. Kumtikisa hata mara chache kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Ukirudi, anza upya na zile dakika 5 za kutembea, na kama kuna mtu mwingine ndani, mwamshe ashike zamu.