Wapiga picha tupeane uzoefu: mteja akishalipa, anarudije?

Mleta mada, Dar es Salaam
Wakuu, heshima kwenu. Napiga picha za harusi na sendofu. Kazi ya kwanza siku hizi haisumbui sana, mtu akiona picha zako Instagram anapiga simu. Nataka tusaidiane kwenye kinachofuata: mteja huyo anarudije, na anakuletea vipi mwingine?

Naanza mimi. Harusi zetu zinaendeshwa na kamati, na mhazini wa kamati ndiye anayejua ulifika saa ngapi, ulisumbua kuhusu malipo au la, na picha zilitoka lini. Mwezi ujao mtu huyo yuko kwenye kamati nyingine, ya mtoto wa jirani au ya mfanyakazi mwenzake. Kwa hiyo nikikabidhi albamu kwa maharusi, mhazini naye namtumia picha nzuri za meza ya kamati, hata kama hatukupatana hivyo. Kazi zangu nyingi zinapitia kwa wahazini. Maharusi wenyewe utawaona tena kwenye ubatizo, baadaye kipaimara, ukiwa bado unapatikana kwa namba ileile.

Mchangiaji, Moshi
Umenena vyema mkuu. Kwetu mwezi wa 12 watu wanarudi nyumbani kutoka kila kona, na Jumamosi moja ina harusi Kibosho na nyingine Marangu. Huwezi kugawanyika, lazima moja umpe mwenzako. Hapo ndipo tunapojuana. Ukienda kwa niaba ya mtu, hutoi namba yako, na faili zote unamkabidhi mwenye kazi. Bibi harusi akikuuliza bei za siku nyingine, mwelekeze kwa aliyekutuma. Mimi nimepata kazi nyingi kwa wapiga picha wenzangu kuliko kwa matangazo yote niliyolipia. Kuna mmoja aliyemchukua mteja wa mwenzake juu kwa juu, na Desemba hii hakuna aliyemgawia kitu.

Kwaresima harusi za kanisani zinapungua sana. Huo ndio muda wangu wa kuwazungukia wapambaji, washereheshaji na wenye kumbi. Mpambaji umpe picha safi za kazi yake, azitumie bure. Kwa kawaida mpambaji anatafutwa mapema, kwa hiyo akiulizwa "mpiga picha mzuri nani?" jina lako liwe mdomoni mwake.

Mchangiaji, Unguja
Assalamu alaykum. Kaka zangu, mimi ni mwanamke na kazi yangu ni sherehe za upande wa wanawake: hina, singo (bibi harusi anaposuguliwa manukato), na bibi harusi anapotolewa. Picha hizo hazitoki nje ya familia. Siweki hata moja mtandaoni, na simu ya msaidizi wangu inabaki kwenye mkoba mpaka tumalize. Mnauliza nitajitangaza vipi? Anayenitangaza ni mama wa bibi harusi. Nakaa naye tunazipitia picha zote, asizozitaka nazifuta mbele yake. Baada ya hapo dada zake na mawifi wananiita kwa sababu hawana hofu na mimi. Imani hiyo ikivunjika mara moja, mtaa mzima utajua.

Halafu, mkipita Mji Mkongwe, ingieni Capital Art Studio, studio ya picha ya siku nyingi. Ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, mwanawe Rohit akaiendeleza. Simameni mbele ya picha zile za mji wa zamani, mtaona kazi ya kutunza hasi (negativu za filamu) inavyodumu kuliko mpigaji mwenyewe.

Mchangiaji, Dar es Salaam
Niongezee upande wa ofisi. TIN (namba ya mlipakodi) na risiti ya EFD (mashine ya kodi) ziwe tayari, proforma (ankara ya awali ya bei) itoke siku uliyoombwa. Lakini mteja wako hasa ni afisa mawasiliano, na afisa mawasiliano huhama. Wa kwangu alitoka shirika la afya akaenda la elimu, akanichukua na kazi zake. Alichokipenda ni majina ya faili: kila picha ina mahali, tarehe na waliomo, kwa hiyo ripoti ya mwaka haimkeshi. Fomu za ridhaa nazo beba, hasa kwa picha za watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ofisi makini zitakuuliza.

Mchangiaji, Mwanza
Swali: picha za mteja mnazitunza muda gani? Diski zinajaa.

Mleta mada
Andika muda kwenye mkataba, mkuu, mteja ajue. Mimi natunza nakala mbili, moja nyumbani na moja studio, na kabla muda haujaisha namtumia ujumbe aje na diski yake. Nikimwandikia hivyo, mara nyingi anajibu na kazi mpya. Dada wa Unguja, ukipata nafasi tueleze: familia ikitaka ufute kila kitu, mnaandikiana?

Mchangiaji, Unguja
Ndiyo kaka. Karatasi moja, mama anatia saini baada ya kuhakikisha fleshi yake (flash disk) yenye picha inafunguka. Hapo ndipo nafuta.