Naomba ushauri: ESP inajizima kila mara, bosi anataka tubadili pampu

Mtoto wa Pongwe:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi fundi umeme, mtu wa Tanga, niko kusini mwa Oman kwenye visima vya mafuta, mwaka wa pili huu. Kuna kisima kinanitoa jasho kuliko jua lenyewe. Pampu ni ESP, yaani pampu ya umeme inayozamishwa kisimani pamoja na mota yake, iko mita 1,350 chini. Wiki hii imejizima mara tatu, kila mara inaandika mzigo mdogo. Kawaida inakula ampea 38, lakini ikikaribia kuzima zinacheza 29, 35, 24, kama mtu mwenye kwikwi. Mchanga upo kidogo, maji asilimia 60. Bosi anataka nimwandikie ukurasa mmoja: tuweke PCP (pampu ya rota ya skrubu), au twende kwenye kuinua kwa gesi (kushindilia gesi kisimani ipandishe mafuta)? Nyie mngeandika nini?

Chura wa Nungwi:
Wekeni lile linaloinama na kuinuka kama punda anakunywa maji. Likisimama hata mpita njia anaona 😀

Mzee Spana:
Ugonjwa haujajulikana, mshaanza kugawa dawa. Mzigo mdogo maana yake pampu inazunguka haibebi kitu. Ama kisima kimekauka hadi mdomoni mwa pampu, ama imekabwa na gesi. Kikikauka, presha ya mdomoni na ampea hushuka taratibu. Ikikabwa, ampea hurukaruka kama za kwako, na presha hupanda kidogo kabla ya kuzima, kwa sababu mafuta yanaendelea kuingia kisimani na hakuna anayeyatoa. Sensa ya chini inasemaje? Na ikizima mnawasha baada ya muda gani?

Mtoto wa Pongwe:
Mzee shikamoo. Presha ilikuwa 410 psi, ikapanda 440 ndipo ikazima. Joto la mota lilitoka nyuzi 118 hadi 131. Kuwasha, wenzetu wa zamu ya usiku wanawasha papo hapo.

Mzee Spana:
Marahaba. Hao wa usiku waambie waache leo hii! Pampu ikisimama, mafuta yaliyo bombani yanarudi chini na kuizungusha kinyumenyume. Ukiitia umeme saa hiyo unakata shafti, na hapo rigi, mtambo wa kung'oa pampu, utaiita utake usitake. Joto nalo lisikushangaze: mota inapozwa na mafuta yanayopita ubavuni mwake, yasipopita inajipika.

Bi Stata:
Kaka, PCP nimeishi nayo. Mchanga na mafuta mazito inavumilia sana, lakini tangu Mfaransa Moineau aibuni miaka ya 1930 inategemea rota izunguke ndani ya stata, ala yake isiyozunguka, na stata ya visimani kwa kawaida ni mpira. Gesi inapenya, mpira unavimba. Ikizunguka kavu dakika chache tu, umeungua. Niliwahi kuona moja imetolewa kisimani, mpira umemeguka vipande kama soli ya kandambili. Kuinua kwa gesi hakuogopi gesi wala mchanga, ila kompresa mnayo? Kwa kisima kimoja sidhani kama watanunua. Hebu soma geji ya kesingi, lile bomba kubwa la nje la kisima, kule juu utuambie.

Mtoto wa Pongwe:
Nimetoka huko sasa hivi. Kesingi 330 psi, laini ya mafuta 130.

Mzee Spana:
Dada kauliza swali la maana kuliko yangu yote. Gesi inatakiwa ipande nje ya bomba, itokee kesingi, iingie kwenye laini. Hapo valvu ya njia moja imekwama. Ikikosa pa kutokea inasukuma mafuta chini, mwisho inapita ndani ya pampu. Toa 330 kwenye 410: juu ya pampu una kimiminika cha kama mita 55 tu. Mkiifungua msiwe na pupa, presha ikishuka ghafla gesi iliyojipenyeza kwenye mpira wa kebo itaupasua. Na kipima H2S, ile gesi ya sumu, kikae kifuani, si kwenye gari.

Mtoto wa Pongwe (siku 10 baadaye):
Wakuu, valvu ilikuwa imeziba mchanga na nta, ngumu kama sabuni ya mche. Tumeweka nyingine, kesingi ikashushwa polepole siku nzima, na mwendo tumeutoa 55 Hz hadi 50. Leo siku ya 9 haijazima. Zamu ya usiku nimewabandikia karatasi kwenye paneli: dakika 45 kabla ya kuwasha.

Bosi bado anaudai ukurasa wake wa PCP.