Madaktari, manesi na wanafunzi wa afya: huruma mlifundishwa na nani? Tupeane uzoefu

Mkwezi wa Raundi
Wakuu salama.

Leo asubuhi kwenye raundi, wodi ya wanawake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kaanza kunisomea kesi. "Kitanda cha 9, moyo kushindwa kufanya kazi, siku ya nne wodini, miguu bado imejaa." Macho yote kwenye faili. Bibi wa kitanda cha 9 akainua kichwa kwenye mto akasema, "Mjukuu wangu, kitanda ni cha serikali. Mimi nina jina." Akalitaja, akataja na la baba yake, na kijiji alikotoka. Wodi nzima ikacheka, mwanafunzi naye akacheka. Mimi nilishindwa, maana hilo neno la kitanda kalitoa kwangu. Jana yake nilimuuliza mbele ya bibi huyohuyo, "Wa 9 amekojoa kiasi gani?"

Nafundisha wodini mwaka wa sita sasa. Somo la maadili lipo kwenye ratiba, mtihani wanafanya na wanafaulu. Halafu wanakuja huku wanatuangalia sisi. Tupeane uzoefu: ulijifunzia wapi kukaa na mgonjwa kama mtu? Au ulijifunzia wapi kutokaa naye? Wagonjwa na ndugu zao nanyi karibuni, ila majina ya hospitali tusitajane.

pole_za_alama
Umenikumbusha OSCE ya mwaka wa nne. Kwa wasioijua, ni mtihani wa vituo, kengele ikilia unahamia kituo kingine. Kituo changu cha tatu kilikuwa kuweka mpira wa mkojo kwenye sanamu ya nusu mwili, haina hata kichwa. Msahihishaji ana karatasi ya vijisanduku: amejitambulisha, ameomba ridhaa, ameonyesha kumjali mgonjwa. Nikaiambia sanamu, "Pole sana mama, nitafanya taratibu." Msahihishaji akasema, "Huyo ni mwanaume." Alama ya kujali nilipata.

Wiki iliyofuata nikaweka mpira kwa mzee wa kweli, mwenye kichwa. Kazi zilikuwa zimenijaa, sikusema hata shikamoo.

Mama Nuru
Hiyo ya shikamoo msiichukulie mchezo. Baba yangu ana miaka 71, kijana wa rika la wajukuu zake kamwambia "vua suruali" kabla ya salamu. Aliporudi nyumbani ugonjwa hakuuongelea. Aliongelea salamu wiki nzima.

bingwa_wa_zamu
Nakazia.

Intani Mchovu
Mnaongea huruma, posho yetu maintani, madaktari wa mafunzo, ya mwezi uliopita mmeiona? Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, sasa ni saa tatu usiku, nimekula maandazi mawili. Huruma ianze na mimi.

Mwana wa Kongowea
Ndugu yangu intani, usidhani ni nyinyi pekee. Huku Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na jambo kubwa lililokuwa mezani ni malipo ya hao hao maintani. Lakini niseme kweli, mimi nilikuwa mgonjwa wakati huo, na aliyenifunga jeraha vizuri kuliko wote maishani mwangu alikuwa intani ambaye hajalipwa.

Intani Mchovu
Basi mtafute umlipe.

mto_simiyu
Nimeukuta uzi huu saa nane usiku nikiwa zamu, nimeshindwa kuupita. Nisameheni urefu.

Nilikuwa intani Kanda ya Ziwa, mwezi wangu wa pili wodi ya watoto. Mtoto wa kiume, mwaka mmoja na nusu, malaria kali, damu imeshuka hadi 3. Chupa ya damu ilikuja, tukaanza kumwongezea. Saa tisa usiku mama yake akaomba atoke akachukue uji kwa dada yake aliyelala kule nje kwenye banda la wanaouguza. Nikamruhusu. Hazikupita dakika kumi mtoto akabadilika. Tulimpambania mimi na nesi mmoja, na wodini wapo watoto wengine thelathini na kitu. Akafariki. Tukamfunika, tukavuta pazia.

Chuoni tulifundishwa kutoa habari mbaya kwa hatua 6, ule mfumo wa SPIKES uliotoka Marekani mwaka 2000. Andaa mahali, uliza anachojua, uliza kama yuko tayari kusikia, sema, pokea machozi, panga kinachofuata. Mtihani wake nilipata A. Ila vyote hivyo nilivijua kwa Kiingereza. Sasa mama amesimama mlangoni, mkono mmoja chupa ya chai yenye uji, mkono mwingine kikombe cha plastiki cha kijani, mimi kichwani natafsiri. Nikamwambia, "Mama, pole sana. Tumempoteza mtoto."

Akaniangalia. "Mmempotezea wapi?"

Nikadhani ni uchungu. Nikarudia, "Tumempoteza, mama. Tumejitahidi sana." Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, Msukuma wa ndani kabisa. Lakini hata angekuwa wa Kariakoo, kilichopotea si hutafutwa? Akaweka uji kwenye meza ya nesi, akaanza kutafuta. Aliinama akaangalia chini ya vitanda. Akapita kitanda hadi kitanda anafunua watoto wa watu usoni, taratibu, halii, anamwita mwanawe kwa jina. Wamama wengine wakaanza kuamka na kukumbatia watoto wao. Mimi nimesimama katikati ya wodi, stethoskopu shingoni, sina neno hata moja. Mtoto yuko nyuma ya pazia, hatua nne kutoka pale.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi. Alikuwa anapiga deki koridoni. Akaegemeza mti wa deki ukutani, akaja akamshika mkono, akamwita mayu, yaani mama, wakakaa chini wote wawili kwenye sakafu ambayo bado imelowa. Akamuuliza kitu kwa Kisukuma, mama akajibu. Akauliza tena, akajibu. Halafu akamwambia neno fupi, moja tu. Hapo ndipo kilio kilipotoka.

Baadaye nilimuuliza alimwambia nini. Akasema, "Nilimuuliza jina la mtoto, nikamuuliza amekuja na nani. Nikamwambia amekufa. Kwani wewe dokta ulimwambia nini?"

Ile chupa ya uji ilikaa mezani mpaka asubuhi. Nesi aliandika ripoti yake ya zamu akiizunguka.

Mama Nuru
Daah.

bingwa_wa_zamu
Nimesoma niko kwenye mwendokasi, dada wa pembeni kaniuliza kama nimefiwa.

Mzee wa Lushoto
Pole sana daktari. Lakini kosa lilianza mapema, kumwambia mama peke yake. Kwetu msiba haupelekwi kwa mwenye mtoto. Anatafutwa mjomba au shemeji, anaambiwa yeye. Mama anaambiwa hali imebadilika, anasogezwa kwa watu wake, anaambiwa akiwa ameshikwa huku na huku. Hayo ya hatua sita sisi tulikuwa nayo kabla ya hospitali.

pole_za_alama
Shikamoo mzee. Saa tisa usiku shemeji nimpate wapi? Na nimwambie "hali imebadilika" mtu ambaye mwanawe kafunikwa nyuma ya pazia? Akilifunua mwenyewe je?

Mzee wa Lushoto
Marahaba. Dada mtu alikuwa bandani, imeandikwa hapo juu. Soma vizuri kijana.

pole_za_alama
Hapo umenikamata.

rejista mstaafu
Mimi neno langu ni moja, amefariki. "Hatunaye", "ametutoka", "ametangulia" nimeziacha zote, kwa sababu mtu asiyetaka kuelewa hupata mlango wa kutokea. Natamka, kisha nakaa kimya. Huo ukimya ndio mgumu. Intani akishatamka tu anaanza kueleza potasiamu.

Nyongeza kwa Mkwezi. Huko Philadelphia, chuo cha Jefferson, waliwapima wanafunzi wao mwaka hadi mwaka, matokeo yakatoka 2009. Huruma ilishuka mwaka wa tatu. Ndio mwaka wanaoanza kukaa na wagonjwa, na kukaa na sisi. Huyo wako wa kitanda cha 9 yuko mwaka wa ngapi vile?

Mama Nuru
Mbona leba hamjaigusa? 2016 nimeshikwa na uchungu, nalia, nesi kaniambia, "Wakati unaitafuta hukulia." Alikuwepo mwanafunzi wa kike pembeni, kacheka. Nesi nimemsahau sura. Yule mwanafunzi nikimwona leo nitamjua.

Sista wa Usiku
Dada pole, aliyekwambia hivyo alikosea na simtetei. Ila njoo zamu moja usiku. Vitanda vinne, wamama saba, mkunga ni mimi na mwanafunzi mmoja, glavu za kuhesabu. Wa nne anakataa kusukuma, mapigo ya mtoto yanashuka. Mtoto akifa jina linaloandikwa ni langu. Sauti inapanda yenyewe.

Mama Nuru
Sauti kupanda naelewa. "Wakati unaitafuta" inapandishwa na glavu?

Sista wa Usiku
Nimeshasema simtetei.

bingwa_wa_zamu
Manesi mnaongoza kwa ukali, tukubali.

Sista wa Usiku
Wewe wa mwendokasi nyamaza. Daktari anapita dakika mbili anatabasamu anaondoka, sisi tunabaki masaa kumi na mawili, ndiyo maana ukali mnauonea kwetu.

Digo_Mtanga
Hili lilishachunguzwa kwetu Tanga, Korogwe na Muheza, mradi uliitwa Staha, watu wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara wakishirikiana na chuo cha Columbia cha Marekani. Ripoti ya 2014 wanawake waliulizwa wakiwa wanatoka kujifungua, kama 19 kati ya 100 wakasema walidharauliwa au kunyanyaswa. Waliofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye wakawa 28 kati ya 100. Getini bado mtu anakuogopa, ukimkuta kwake na mtoto mgongoni ndio anasema.

Na dawa yao haikuwa semina ya "muwe na huruma". Waliwakalisha wananchi na wahudumu pamoja wakakubaliana maandishi ya kuheshimiana, kisha hospitali ikaanza na vitu vya kushikika, kama kutumia mapazia.

Sista wa Usiku
Pazia naunga mkono. Letu lilifuliwa mwaka jana halijarudi.

Omukiga wa Kampala
Habari za huko. Mimi ni Mtanzania, nilisomea tiba shufaa Kampala, yaani kumtuliza maumivu mgonjwa wa ugonjwa mzito. Kule kuna Hospice Africa Uganda, ilianzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, wanatumia morfini, dawa kali ya maumivu, ya maji, ya kunywa, mgonjwa wa saratani anakunywa kwake nyumbani. Tangu 2004 nesi aliyesomea tiba shufaa anaruhusiwa kuiandika mwenyewe.

Kilichonibadilisha ni kwenda majumbani. Wodini mgonjwa yuko kwetu, kavaa shuka letu. Nyumbani kwake wewe ndiye unayebisha hodi. Mwalimu wetu alikuwa na amri mbili tu: usikatae kiti, usikatae chai. Kuna mama alituambia maumivu "kidogo tu" mara tatu. Tulipomaliza chai ndio akasema halali kitandani, analala amekaa kwenye kochi wiki ya tatu sasa. Kochi lenyewe ndilo nililokuwa nimelikalia.

Mwana wa Kongowea
Maneno mazuri haya. Basi wodini nako daktari akae kitandani kwa mgonjwa, dakika mbili tu, utaona mtu anavyofunguka.

rejista mstaafu
Usikae kitanda cha mgonjwa, unahamisha vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Simama, inama.

pole_za_alama
Ukiinama mgonjwa anadhani unamnusa.

Mzee wa Lushoto
Nunueni kigoda.

Intani Mchovu
Kwa posho ipi?

Digo_Mtanga
Kuna daktari mmoja wa watoto alikuwa anatembea na ndoo ndogo ya rangi, anaigeuza anakalia. Watoto walikuwa wanamwita Dokta Ndoo. Wanafunzi wake sasa wako mikoani huko, wawili nawajua, wote wana ndoo.

bingwa_wa_zamu
@mto_simiyu, yule mama iliishaje? Umetuacha njiani.

mto_simiyu
Sijui mkuu. Asubuhi walikuja wanaume watatu na baiskeli na kanga mbili, wakamchukua mtoto. Mama alinipita koridoni akaniambia asante. Hiyo asante ndiyo inayonisumbua zaidi ya yale maswali.

Mama wa usafi nilikuwa naye mpaka namaliza intani. Nilimwomba anifundishe maneno ya Kisukuma, akawa ananifundisha wakati anapiga deki, mimi nanyanyua miguu apitishe. Siku ya kwanza ya kuyatumia nilimwambia baba mmoja mkewe amefariki, kumbe nimesema amelala. Ikabidi nimwite tena.

Mkwezi wa Raundi
Nimerudi. Jana jioni nilipita wodini bila koti, nikakaa. Kiti nilikitoa ofisi ya sista, leo atanidai. Bibi miguu imepungua kidogo. Kaniuliza watoto wangu wangapi, nikamjibu, kaniambia wachache.

Halafu akauliza, "Na yule kijana wa asubuhi, yule wa kitanda, anaitwa nani? Nilimwaibisha mbele za watu, nataka kumwombea." Nikafungua mdomo. Kijana yuko kwenye raundi yangu wiki ya tatu. Huwa namwita "mwaka wa tatu".

Nimemwambia bibi nitamuuliza.

Sista wa Usiku
Kiti kirudi kabla ya saa moja.