Mwalimu anauliza: manyoya ya kijivu kwenye mawe ya Kahwa ni kitu gani?

Mwalimu_Kadutu:
Habari zenu ndugu. Nafundisha biolojia hapa Bukavu. Juzi nilichota maji ya mto Kahwa mara mbili: juu, upande wa Kadutu, halafu chini, karibu na ziwa. Huko juu mawe yamevaa kitu cha kijivu kama manyoya ya mbuzi aliyenyeshewa, na ukikigusa kinateleza kama bamia. Mikroskopi yetu ni ya zamani, kioo chake kimepasuka, tunaitegea jua dirishani. Kwa ukuzaji wa mara 400 niliona nyuzi ndefu, ndani yake vijiti vimejipanga kama maharage ndani ya ganda. Kwenye maji ya chini hamna nyuzi nyingi. Kuna vikengele vyenye vikonyo. Ukigonga meza, kikonyo kinajikunja kama springi! Darasa zima lilipiga kelele. Ni viumbe gani hawa?

Fundi_Labo:
Mwalimu, hayo manyoya wengi huyaita kuvu ya majitaka, lakini kwa sehemu kubwa ni bakteria, mara nyingi Sphaerotilus natans. Vile vijiti ndizo seli, zimepangana ndani ya ala. Hustawi pale penye uchafu wa kuoza na maji yanayotembea, ndiyo maana hushika mawe. Vikengele ni Vorticella, kiumbe wa seli moja. Mdomoni ana vinyweleo vinavyozungusha maji yamletee bakteria, chakula chake. Ukimkuta kwa wingi, oksijeni imeanza kurudi majini.

Mama Neema:
Mimi nina lengalenga kando ya mto huohuo. Kwa hiyo kama vikengele vinasafisha, naweza kumwagilia? Na vile vinyoo vyekundu vilivyosimama kwenye tope vikitikisa mikia?

Fundi_Labo:
Hapana mama, usimwagilie. Vorticella anakula bakteria lakini hawamalizi. Kidudu cha kipindupindu kina urefu wa mikromita 2 hivi. Kwa mikroskopi ya mwalimu ni kinukta tu, huwezi kukitenganisha na wenzake wasio na neno. Vinyoo vyako huenda ni Tubifex: kichwa kiko topeni kinakula, mkia uko juu unatafuta hewa. Wekundu huo ni himoglobini, kama ya damu yetu, inawasaidia kukamata oksijeni kidogo iliyobaki. Mahali wanapojaa wao peke yao, hata mkono usitie.

Mwalimu_Kadutu:
Aksanti sana. Ubaoni niliandika «kuvu», tena kwa herufi kubwa. Jumatatu nitafuta. Mama Neema, nikipita huko unionyeshe hao wekundu, nitakuja na chupa.